Nondo wa Mvua za Kwanza

Sijawahi kuwapenda nondo. Wale wa mvua za kwanza hata sura hawana: rangi ya majivu, doa dogo kwenye bawa la mbele, bawa la nyuma jeupe linalopitisha mwanga. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, waliizonga koroboi yetu kule Karatu hadi bakuli la mboga likajaa mabawa. Mama mkwe wangu akaacha kula.

"Wamekuja kutaga," alisema. "Subiri uone."

Hatukusubiri sana. Viwavijeshi walitokea kwenye majani, kijani kwanza, kisha weusi kadiri walivyozidi kubanana. Walimaliza mahindi yetu, ngano ya jirani na malisho yote, na ukisimama kimya ulisikia wanavyotafuna. Maharage hawakuyagusa, hao hula jamii ya nyasi tu. Halafu wakazama ardhini.

Nyasi zilichipua upya, laini, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza. Kwetu ng'ombe hapelekwi kwenye nyasi zilizoliwa na viwavijeshi mpaka mvua kubwa izioshe. Akizila anaweza kufa siku hiyohiyo. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu. Maziwa yangu mwenyewe yalikuwa yamekauka, na mwanangu mchanga aliishi kwa maziwa ya huyo.

Tulimfungia ndani, upande wake wa nyumba. Alilia kutwa nzima, nami kila nilipopita niliikagua kamba yake kama mwehu. Maziwa yakapungua. Mama mkwe akaingia shambani, akaanza kung'oa maharage amlishe ng'ombe.

"Mama, hicho ndicho chakula chetu kilichobaki!"

"Sisi tuna meno, tutatafuta cha kutafuna. Huyo mtoto je?"

Kila kukicha niliyatazama mawingu juu ya msitu wa Ngorongoro na kuyalaani. Maharage yalipokaribia kuisha, mvua ikapiga. Tukamfungulia ng'ombe. Alikula, nami nikamfuata nyuma nikingoja aanguke. Hakuanguka.

Jioni ile nondo wapya walitoka ardhini, shambani kwetu, wakaizonga koroboi.

"Hawa hawakai," alisema mama mkwe. "Wataondoka na upepo."

Nikauomba upepo kwa moyo wangu wote. Ulivuma kweli, ukielekea kaskazini, nami nikausikiliza kwa furaha mpaka nilipokumbuka kwamba huko kaskazini, Sale, ndiko alikoolewa dada yangu, na alikuwa ameshapanda mtama.