Katikati ya Zizi la Mzee Limbu

Baba yangu, mzee Limbu, alikuwa mtu wa ng'ombe tangu utoto. Babu Shija, baba yake, alizikwa humo humo zizini, katikati, kama wenye kaya wa zamani. Hakuna msalaba wala saruji. Ng'ombe wanakanyaga, kaburi linalala sawa na ardhi, na kwetu hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Mwaka jana akaja Danford, mpimaji wa barabara, na vigingi vyake. Hapa Dutwa tukisema senta tunamaanisha madukani, basi, hata kama maduka yenyewe yako pembeni. Senta yake yeye ni ya kamba na namba: kulia na kushoto sawasawa. Na senta ya barabara ikapita zizini kwetu.

"Mzee, tuonyeshe kaburi tulihamishe. Greda linaingia Jumatatu."

"Katikati," baba akajibu, hana hata wasiwasi.

Vijana wa Danford wakachimba katikati mpaka kiunoni. Hamna kitu! Nikasema, "Baba, zizi hili si mlilipanua?" Alivyonitazama, nikajuta kufungua mdomo. Ng'ombe walipoongezeka aliusogeza uzio wa minyaa upande wa mto. Walipouzwa ili kaka asome, akaurudisha ndani upande wa pili. Mara ngapi? Hakumbuki. Katikati ilikuwa ikihama, na yeye yupo hapo hapo kila asubuhi anakamua.

Wakachimba siku mbili, mashimo kumi na saba. Baba, na miaka yake themanini, akashuka mwenyewe akikwangua kwa mikono, analia kwa sauti: "Baba, uko wapi?" Jamani, nilikasirika! Nilimkasirikia Danford, nikamkasirikia mpaka marehemu. Jumatatu greda likaja, likafukia, likashindilia. Danford alivua kofia, akaivaa tena.

Lami ilipokauka, baba hakuikanyaga hata siku moja. Akitaka kwenda ng'ambo anapita chini, kwenye kalvati la kupitishia maji, ameinama, mzee wa watu, magoti yote matope.

Mwezi wa nne akaugua. Akaniita mimi, binti yake, si kaka zangu.

"Mayu, mama yangu, mimi mnizike kando ya nyumba. Muweke saruji, na jina kubwa."

"Tutafanya, baba."

"Na baba yangu akiniuliza nilimwacha wapi, nimjibu nini?"

Nikamfunika miguu, ilikuwa imeshaanza kupoa.