Mpira wa Pumzi ya Crisanto

"Alilewa, nawaambia," Consing, jirani wa mlango wa pili, aliwaeleza wanawake waliokuwa wakianika samaki. "Mzamiaji akilalia tembo la mnazi, asubuhi bahari humnyang'anya miguu."

Perlita alisikia, mtoto akiwa titini. Mumewe, Crisanto, alikuwa nyuma ya nyumba, amefukiwa hadi kiunoni katika mchanga wa moto, dawa ya wazamiaji wa kisiwa chao. Ilikuwa siku ya pili, na hata kidole cha mguu hakijatikisika. Na tembo hakunywa. Perlita alilala naye usiku wa kuamkia kuzamia. Alinuka tangawizi tu.

"Nani kakwambia alilewa, dada Consing?"

"Si Eliseo, shemeji yako! Mtu atamsingizia ndugu wa tumbo moja?"

Eliseo ndiye aliyebaki juu kwenye ngalawa siku ile, akilinda mashine ya upepo na mpira mwembamba ambao Crisanto huuma kwa meno apate kuvuta pumzi huko chini. Mpira ule hapewi mtu baki. Hushikwa na aliyenyonya ziwa moja nawe.

Akaenda akamfuta mumewe jasho. "Baba Ligaya, niambie kweli."

"Boti ya doria ilitokea. Unajua kazi yetu imepigwa marufuku. Eliseo akanivuta kama ndoo ya kisimani. Nikautikisa mpira mara tatu, yaani ngoja. Akazidi kuvuta."

"Na miguu?"

"Kule chini maji yanakubana, damu inakunywa upepo kupita kiasi. Ukipanda polepole, damu inaurudisha mapafuni, unaupumua nje, unaisha wote. Ukipanda mbio..."

"Kama soda ikifunguliwa."

"Ehe. Povu linaziba mishipa. Moyo unasukuma, damu haifiki."

Perlita aliikumbuka picha ya darasa la tano, mishipa myekundu ikishuka mpaka vidoleni. Mwalimu hakuwaambia kwamba njia yote ile yaweza kufungwa na mkono wa ndugu.

Eliseo akatokea na bakuli la wali, macho chini. "Kaka, wazee wanasema ushushwe tena leo, ukae chini maji yalibane lile povu, kisha upande taratibu. Tukichelewa, miguu ndiyo basi. Nimeshaitayarisha ngalawa. Nitashika mpira."

"Umewaambia watu nililewa."

"Ningesema nini, kaka? Kwamba niliogopa jela?"

"Ungesema hivyo hivyo."

Eliseo akaliweka bakuli mchangani. Hakuna aliyeligusa. Crisanto alimtazama mdogo wake kitambo, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Ligaya, mwachie Consing mtoto. Huyu ataendesha injini ya ngalawa tu. Mpira ushike wewe. Nikiutikisa mara tatu, tafadhali, ningoje."