Pole ya Kila Asubuhi

Mzee yule sikumpenda, wala sitajifanya. Nilikuwa muuguzi wake nyumbani kwa binti yake, pale The Pearl, mtaa wa matajiri huku ughaibuni, na kila asubuhi aliniita kwa kugonga mkono wa kiti, ingawa jina langu alilijua. Macho yake yalikuwa yamepoteza nuru. Basi kazi yangu ya kwanza, kabla hata ya dawa, ilikuwa kumweleza picha ya babu yake iliyotundikwa ukutani.

Namweleza: kijana, fulana isiyo na mikono, iliyofungwa kwa kamba kifuani, kaptura hadi magotini, mpira wa umbo la yai kwapani. Kisha yeye ananisimulia mimi. Kwao Australia mpira huo hudakwa hewani, na babu yake alikuwa akiruka mpaka anakanyaga watu mabegani. Alicheza misimu miwili tu. Vita vya Kwanza vya Dunia vikamchukua, akarudi na goti lisilokunjika, hakucheza tena.

"Pole," nilikuwa nasema.

"Pole ya nini? Kwani ni wewe uliyemvunja goti?"

Nilishamweleza mpaka nikachoka kwamba pole si kuomba msamaha kama 'sorry' ya kwao, ni kumwambia mwenzako nimeona umeumia. Aliguna tu. Lakini kila siku aliisubiri, na akishaipata ndipo anameza vidonge.

Siku moja nikamsimulia na mimi. Baba wa babu yangu alichukuliwa na Waingereza katika vita hivyohivyo, akawabebea masanduku ya risasi kichwani mpaka akafia porini. Kaburi lake hatulijui hadi leo. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake, nikasimama na gilasi ya maji mkononi kulingojea.

"Sawa," akasema, "lakini yeye hakuwa na kipaji cha kupoteza."

Jioni, Najma, mwenzangu wa chumba, akaniambia, "Achana na huyo mzee bana, utafutwa job." Nilikuwa na hasira.

Asubuhi akagonga kiti. Nikaeleza picha yote, fulana, kamba, mpira. Naye akasimulia yote hadi kwenye goti, akanigeuzia uso. Mimi nikawa natoa vidonge.

"Bado lile neno lako," akasema.

"Limeisha, mzee."

Akaweka mikono magotini.

"Litapatikana lini?" akauliza, kama mtu aliye dukani.

Nikamwambia afungue kinywa.