Mzee wa Josho na Supu ya Mizizi

"Guka, kati ya sindano za hospitali na mizizi ya Mchina, ni gani inakusaidia?" nilimuuliza nikiwa darasa la sita, na yeye akaendelea tu kukoroga sufuria. Jirani yetu huyu wa Siakago, tuliyemwita guka, yaani babu, alisimamia josho la ng'ombe miaka mingi, na hata saratani yake ya utumbo aliikabili kijosho. Kila jioni alichovya fimbo yenye alama, ile aliyopimia dawa joshoni, ndani ya supu, akaikagua kwa jicho moja, akaongeza maji. Mizizi na uyoga mkavu aliletewa na mwanawe, aliyefanya kazi na Wachina waliojenga barabara. Josho likipata dawa mpya, mnyama mmoja hutangulia kuijaribu, kwa hivyo bakuli la kwanza lilikuwa la mbuzi wake. Alimtazama nusu saa, mikono magotini. Mbuzi asipoanguka, naye alikula.

Daktari alipomwambia alete kila anachotumia nyumbani, kisije kikagombana na sindano, alifika kliniki na sufuria, fimbo na mbuzi.

"Huyu naye ni wa nini, mzee?" nesi akauliza.

"Nusu ya dawa iko ndani yake."

Daktari alichambua sufuria, akatoa mzizi mmoja, akasema huo aache. Aliuacha, na mbuzi pia akanyimwa.

Juzi, mimi niko kidato cha tatu na sindano zake zilishaisha, alinijibu ghafla lile swali langu la darasa la sita.

"Ni mbuzi. Sindano zilinimalizia hamu ya chakula kabisa. Lakini ningeacha bakuli langu, huyu angekula yote, basi nikawa nakula."