Sikio la Papa Anselme

Siku ile ilianza na jibini. Bwana yangu, Papa Anselme, alikuwa amekwisha kuacha kazi na kupata pansio kwenye kiwanda cha jibini, hapa Karuba, lakini watu waliendelea kumuletea jibini nyumbani alipime. Alikuwa analigonga kwa kidole, anainamisha kichwa, anasikiliza. Likilia utupu, ndani limeharibika.

Sikio hilo alitoka nalo jeshini, ujanani. Bunduki zikilia, yeye njo alikuwa anatuambia ziko umbali gani. Akisema tulime, tunalima. Akisema tufunge mizigo, tunafunga. Mulima wote ulimungoja yeye.

Asubuhi ile aligonga jibini la Mama Vumilia, jirani yetu, akasema iko muzuri. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikalisikia linalia utupu. Niliendelea kusonga. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule. Nilijua sikio limekufa, nami nilikuwa nalificha. Mutu akimuuliza kitu, ninakirudia kwa sauti kubwa karibu naye. Walisema nina kelele. Waseme. Mwanaume wa namna ile, ukimuambia mbele ya watu kwamba hasikii, unamuachia nini?

Saa nne bunduki zikaanza. Mama Vumilia akasimama kwenye kiwanja na kapu lake.

“Papa, tukimbie?”

Nikalirudia swali karibu naye. Papa Anselme akainamisha kichwa.

“Bado. Iko mbali, ng’ambo ya Mushaki. Enda uvune maharagi yako.”

“Ukikosea, nitakuja kulivuta hilo sikio.”

Papa Anselme alicheka. Hakuwa amesikia, aliona tu meno ya Mama Vumilia.

Mimi nilisikia. Zilikuwa karibu, chini ya shule yetu.

Nilifungua kinywa.

Nikakifunga.

Mama Vumilia akashuka shambani.

Kufika saa tano tulikuwa tunakimbia na nguo za mwilini. Wanaume waliorudi kesho yake walikuta maiti ya Mama Vumilia kati ya mistari ya maharagi. Kapu lilikuwa limefika nusu.

Huko Sake, kwenye kambi, Papa Anselme hakugonga tena kitu. Watu walimusamehe, walisema vita ni vita. Yeye alikaa mulangoni pa hema na mikono kwenye magoti. Mara moja tu aliniuliza, na mimi nilijibu karibu na sikio lake.

“Siku ile, wewe ulisikia je?”

“Nilisikia kama wewe.”

Aliniangalia muda murefu. Hakuuliza tena, na mpaka leo sijui kama aliniamini ao alinihurumia.

Tulimuzika Karuba, mwaka tuliporudi. Watu walisimama mumoja mumoja kusema namna sikio lake lilivyowaokoa. Hawakusema uongo, liliwaokoa mara nyingi. Mimi nililinda heshima yake vizuri, na heshima hiyo alizikwa nayo.

Binti ya Mama Vumilia njo alipika maharagi ya kilio. Alinijazia sahani, akakaa karibu yangu, akaniambia, “Kula, Mama, usilale na njaa.”

Nilikula yote. Sijamuambia.