Barua Yangu Ilivyogeuka Posa

Kazi yangu katika ofisi ya ustawi wa jamii hapa Tunduma ina mambo mengi, lakini ninachokipenda na kukiogopa kuliko vyote ni vikao vya familia. Kijana aliyelelewa na familia isiyo ya damu yake akikaribia miaka kumi na minane, malezi yale yaliyoidhinishwa na serikali yanafika mwisho. Hapo ndipo ninapowaita walezi na ndugu wa damu wakae pamoja, waseme nani atamshika mkono. Kanuni yangu ni moja: mwenyekiti ni kijana mwenyewe. Wazee hawaipendi, nami nikishaona hawaipendi ndiyo naikaza zaidi.

Binti ninayemkumbuka leo alikuwa amebakiza wiki mbili. Alikuwa anasomea ushonaji chuoni, mwaka wa kwanza kati ya miwili, na kwa miaka mitatu alikuwa ameishi mtaa wa Mpemba kwa mama mmoja mjane, muuza dagaa, mwenye kijana mkubwa fundi pikipiki. Kwa upande wa damu alibaki na baba mdogo tu, mkulima wa kahawa huko juu, kupita Mlowo. Tangu bibi yake alipofariki na yeye kuletwa mjini, baba mdogo hakuwahi kukanyaga Mpemba. Asipopata wa kumpokea, binti angepanga chumba karibu na mpaka wa Zambia, na kwa kodi ile chuo kingemshinda. Alikwisha kuniuliza vyumba vinapatikanaje, kwa sauti ya mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi.

Nikamwandikia baba mdogo barua yenye mhuri. Nilimwomba afike nyumbani kwa familia anakoishi binti yake, wajadili maisha yake mapya. Niliiona barua nzuri sana. Nikajisifu.

Siku ilipofika, mama mlezi alikuwa amepika wali na kuku na kuazima viti kanisani. Kijana wake alivaa shati lililonyooshwa, akasimama mlangoni kuwapokea wageni kwa shikamoo nyingi kuliko kawaida yake. Baba mdogo aliingia amevaa koti zito, pamoja na mzee mmoja aliyetambulishwa kwetu kama msemaji. Hawakugusa hata maji.

Binti akafungua kikao. Kabla hajamaliza salamu, msemaji akasimama.

"Tumesikitika," alisema. "Mmekaa na binti yetu miaka mitatu, halafu mnatuita sisi tuwafuate? Tangu lini?"

Mama mlezi akadhani anasimangwa kwa malezi yake. Akajibu kwamba binti hakuwahi kulala njaa kwake hata siku moja. Msemaji akasema hilo halikuwa swali. Mimi nikatuliza, kwa sauti ile ya ofisini ambayo mume wangu haipendi, nikiamini huo ni ugomvi wa kawaida wa nani kalea na nani hakulea. Chakula kilikuwa kinapoa na moyo wa mama unapoa nacho.

Kisha msemaji akamgeukia kijana fundi.

"Wewe unasali wapi?"

Kijana akataja kanisa lake.

"Pombe?"

"Sikukuu tu, mzee. Kidogo."

Nikafurahi kweli. Nikaona hawa ndugu wamejiandaa, wanachunguza usalama wa nyumba anamoishi mtoto wao. Nikayaandika yote kwenye kumbukumbu za kikao, hata ile pombe ya sikukuu.

"Na binti yetu unampenda?"

"Nampenda, mzee. Ni mdogo wangu."

"Basi kuanzia leo usimwite tena mdogo wako," msemaji akasema kwa upole. "Haipendezi."

Binti ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akashika meza. Kijana akaelewa wa pili, akatoka nje kabisa. Mimi, mtaalamu, nilikuwa wa mwisho, kalamu ikiwa bado mkononi. Ikabidi nieleze kwamba hapa hapakuwa na mchumba wala posa, ni serikali tu na barua yake. Msemaji aliketi taratibu, akaomba maji.

Baba mdogo hakucheka.

"Kwa hiyo," akauliza, "hakuna anayemchukua?"

"Hakuna, baba," binti akasema. "Ndiyo maana nimewaita."

Nimeendesha vikao vingi, na bado sijui macho niyapeleke wapi dakika kama ile. Nikajifanya natafuta karatasi.

"Mimi sijasema anaondoka," mama mlezi akasema. "Miaka inahesabiwa na serikali. Mimi sihesabu."

Binti akamshukuru kama mwenyekiti, machozi yakimlengalenga, kisha akamgeukia baba yake mdogo. "Na wewe, baba? Chuo kikifungwa naruhusiwa kuja nyumbani?"

Baba mdogo akavua lile koti zito. "Niliona haya, mwanangu," akasema. "Mwaka wa kwanza sikuja, wa pili nikaona haya ya mwaka wa kwanza. Barua hii ilipofika nikasema, posa angalau najua mtu anaiendeaje."

Akafuta uso. "Chumba cha marehemu baba yako kipo. Nimehifadhi mahindi humo."

"Mahindi yatatoka lini?"

"Jumamosi."

Tulikula chakula kilichopoa, na msemaji aliongeza mara mbili. Baadaye binti akajaza fomu yangu, ambayo mahali pa makazi ina mstari mmoja tu. Aliandika Mpemba, kisha akaigeuza karatasi ubavu, akaandika kijiji cha baba yake ukingoni, herufi zikipanda kuelekea juu. Mkuu wangu aliirudisha, akataka makazi yawe mamoja. Nikampelekea vilevile. Akairudisha tena. Mara ya tatu nilisimama mbele ya meza yake na sikuondoka mpaka aliposaini.