Nilimpandisha mke wangu melini nikiwa na msiba wake mfukoni

Nianze na kosa lenyewe, msije mkanionea huruma kabla ya wakati. Mama mkwe wangu alifariki alfajiri, mimi nikaambiwa nimfikishie mke wangu habari, nami nikampandisha meli tukaenda kukata keki. Nilijua. Hakuna aliyenidanganya wala kunilazimisha!

Mimi ni fundi seremala, nakaa Bweri hapa Musoma. Mke wangu nitamwita Mama Neema, na kaka yake nitamwita Masatu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi kule Butiama. Majina nimebadilisha. Aibu ndiyo ya kweli.

Kanisani kwetu tuna kikundi cha wanandoa na mimi ndiye mwenyekiti. Mwaka jana tulikubaliana tusherehekee ndoa zetu ziwani. Tukakodi meli ndogo ya utalii kwa siku moja, na wenzetu wa Bunda wakajiunga. Sisi wawili tulikuwa tunatimiza miaka ishirini na tano, kwa hiyo ndio tungekata keki na mimi ningepewa kipaza sauti. Jamani, nilivyokuwa nakingoja hicho kipaza sauti! Hotuba nilikuwa naifanyia mazoezi karakanani, nawahutubia vitanda na makabati.

Mama Neema naye alifurahi kuliko mimi. Wakati tunaoana tulikuwa hatuna kitu, harusi yetu ilikuwa chai na maandazi. Sare ya kitenge cha bluu aliifuata Bunda mwenyewe, akashonesha, akawa anaivaa na kuivua mbele ya kioo wiki nzima. Mama yake kule Kiriba alimwambia kwenye simu, "Mwanangu, nendeni mkacheze. Ila na mimi mniletee hiyo keki."

Siku ilipofika tukawa pale bandarini Mwigobero tangu asubuhi, watu wanapanda, wengine wanapiga picha. Simu yangu ikaita. Ni Masatu.

"Shemeji, mama ametutoka. Alfajiri hii."

Nikasogea pembeni.

"Dada usimwambie ghafla," akasema. "Unamjua huwaga presha inampanda. Mlete tu taratibu mpaka Kiriba, mwambie mama anaumwa. Hatutamwosha mama mpaka dada afike, yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye wa kumvisha."

Kwetu ndivyo tunavyofanya. Habari ya msiba hapewi mwenye msiba mkononi. Anapewa mtu wake wa karibu, amlete mpaka nyumbani, akifika pale akiona watu anaelewa mwenyewe, na wanawake wanatoka kumpokea kwa kilio. Ni desturi ya huruma. Mimi nikaigeuza kichaka cha kujifichia.

Nilimwambia Masatu, "Sawa shemeji, tunakuja." Nikageuka kumtafuta mke wangu. Nikamwona yuko juu ya ngazi ya meli, anacheka, ananipungia mkono. "Baba Neema! Mwenyekiti ndiye anachelewa?" Watu wakacheka. Nikapanda.

Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili yake, apate hata siku moja ya furaha, kwani marehemu atarudi? Uongo mtupu! Ningekuwa namfikiria yeye ningeshuka naye. Nilikuwa nawaza keki, wale watu wa Bunda, na hotuba yangu.

Sasa sikilizeni kosa la pili, maana la kwanza lingeweza kusameheka. Kabla kamba hazijafunguliwa Masatu akapiga tena.

"Umeshamwambia?"

Mama Neema alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilitaka tu simu ikatike. Nikasema, "Nimeshamwambia. Analia sana. Tunajiandaa, tunakuja."

Kisha nikazima simu. Ngazi ilikuwa bado haijavutwa, niliiangalia kwa macho yangu. Nikasimama vile vile mpaka vijana wa melini walipoivuta.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ya saa nane za majini, na hakuna pa kushukia!

Nusu saa haijapita jasho linanitoka, na upepo wa ziwa unavuma. Nikapanda kwa nahodha. Nikamwuliza, "Kaka, tunaweza kurudi?"

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Kuna nini sasa?"

Lilikuwa ni neno moja tu, msiba, na angegeuza meli palepale. Lakini nikilisema ataniuliza nimejua lini. Nikamjibu, "Hakuna kitu, nauliza tu." Akaniangalia, akatikisa kichwa. Nikashuka chini kuungana na wenye furaha.

Kumbe ratiba ya meli ilikuwa kupita karibu na ufukwe wa rasi, watu waone miamba na vijiji. Mimi ndiye niliyesaini ratiba ile, na sikukumbuka kwamba tungepita upande wa Kiriba.

"Baba Neema, njoo uone! Kule si kwetu kule?"

Alikuwa ameegemea chuma cha pembeni, simu mkononi, muziki unapigwa mpaka sakafu inatetemeka. Akavua kilemba akakipunga. "Mama eee! Tupo huku! Keki yako inakuja!" Akacheza, akajirekodi, akanivuta na mimi niingie kwenye video. Nikatabasamu. Video hiyo ipo, na nikiiangalia leo natamani kujipiga ngumi.

Mtandao ulishika kwa muda pale karibu na nchi kavu. Akaiweka status.

Baadaye ikafika zamu yetu. MC akapaza sauti, "Mwenyekiti, tupe siri ya miaka ishirini na tano!" Hotuba yote ilikuwa imenitoka kichwani. Nilichokipata ni hiki: "Siri yetu ni kutofichana kitu." Meli nzima ikaitikia amina. Mama Neema akafuta machozi kwa furaha, akanilisha keki. Nilitafuna ile keki huku natabasamu.

Kisha nikamwona anachukua karatasi ya foili na kufunga kipande kizuri chenye ua la sukari. "Hiki cha mama," akasema, akakiweka kwenye mkoba.

Tulipokaa akaanza kuangalia simu yake, uso umekunjamana. "Watu wa kwetu wote wameiona status. Masatu ameona, mama mdogo ameona, mpaka watoto wa Kiriba wameona. Hakuna hata mmoja aliyesema kitu. Wamenuna kwa sababu hatukuwaalika?"

"Labda wana shughuli," nikasema.

"Shughuli gani watu wote kwa pamoja?"

Nikasema nakwenda chooni. Nilikaa humo mpaka mtu akagonga mlango. Nilijua watu wa Kiriba wameona nini. Wamekaa na maiti chini ya turubai, wanamngoja binti mkubwa aje amvishe mama yake, na mimi nimewaambia anajua, analia, yupo njiani. Wakafungua simu wakamkuta anacheza melini.

Tuliposhuka Mwigobero jioni nikamwambia tupitilize Kiriba, mama hajisikii vizuri. Akasema, "Afadhali, na keki yake ninayo." Kwenye gari la kukodi alikuwa ananisimulia ya melini kana kwamba mimi sikuwepo. Nilijaribu kumwambia njiani. Nafungua mdomo, anacheka, naufunga.

Akayaona maturubai. Aliniangalia mara moja tu, akafungua mlango gari likiwa bado linatembea.

Alikimbia akilia na ile sare ya bluu, wanja umemtiririka mashavuni, mkoba begani. Hakuna mwanamke aliyeinuka! Walikaa kwenye mikeka yao wakamtazama akipita katikati ya uwanja peke yake. Nimeshakwenda misiba mingi tangu nizaliwe, sijawahi kuona mtu wa msiba akiachwa alie peke yake namna ile. Mlangoni akasimama mama yake mdogo.

"Tumeshamwosha. Tumeshamvisha. Ungemvisha wewe kwa mikono ipi, hiyo uliyokuwa unapungia muziki?"

Mama Neema akawa hata haelewi anaulizwa nini. Alipofungua mkoba kutafuta leso ile foili ikadondoka. Mama mdogo akaiokota. "Na hii keki umemletea nani?"

Masatu akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme. Ndugu zangu, nilikuwa na uwanja mzima wa mashahidi na neno moja la kusema! Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye majonzi.

Tulizika kesho yake. Tangu siku hiyo mke wangu akawa mkiwa wa mama na wa ndugu pia. Walimtoa kwenye kundi la familia. Kumaliza matanga hakuambiwa, alisikia sokoni. Alidhani wamekasirikia nguo, akaichana ile sare na kuifanya matambara ya kudekia, nami kila asubuhi napita juu ya sakafu iliyodekiwa kwa miaka yangu ishirini na tano.

Kila mara aliniuliza, "Baba Neema, wewe siku ile walikuambia nini kwenye simu?" Nami namjibu, "Waliniambia mama anaumwa tu." Alikuwa ananishukuru kwamba nimebaki upande wake. Ananishukuru mimi! Nilikuwa nakula chakula chake nikijiona nimo tena kwenye ile meli, nazunguka, na nchi kavu naiona.

Jumamosi iliyopita alipiga simu kwa mama mdogo wake kuomba radhi. Alipiga magoti na simu sikioni, kana kwamba yule mama anamwona, anaomba msamaha wa kosa asilolijua. Simu ikakatwa. Akabaki ameinama palepale sebuleni.

Hapo ndipo nilipovunjika. Jumatatu nikaenda Butiama. Nilimkuta Masatu anapimia mtu misumari. Nikamweleza yote, tangu simu ya kwanza. Hakunitukana. Alimaliza kumhudumia mteja, akafunga duka, akakaa juu ya mfuko wa saruji.

"Dada anajua?"

"Bado."

"Siku ile nilikuambia usimwambie ghafla," akasema. "Leo nakuambia, mwambie ghafla. Twende."

Tukaja na gari lake mpaka Bweri. Tulipofika getini hakushuka. Akasema, "Ingia wewe. Mimi nitakaa hapa mpaka nimsikie."

Nikaingia. Mama Neema alikuwa uani anachambua mchele. Nilisimama mbele yake nikasema, "Nilijua mama amefariki kabla hatujapanda meli. Nikawaambia watu wenu kwamba na wewe unajua." Basi.

Ungo ukamtoka mkononi. Akalia, na hakuwa analia kwa ajili yangu. Alikuwa anamlilia mama yake, upya kabisa, kama ndiyo kwanza ameambiwa.

Masatu akaingia mbio getini, mtu mzima wa miaka hamsini, mikono kichwani, analia kwa sauti, "Dada yangu! Dada yangu mama ametuacha!" Akamkumbatia pale kwenye mchele uliomwagika. Alimpokea kama alivyotakiwa kupokewa siku ile uwanjani Kiriba.

Waliondoka pamoja kwenda kwa mama mdogo. Mimi hawakuniita, na nisingekuwa na uso wa kwenda. Leo ni siku ya nne. Neema, binti yetu, ameniandikia swali moja tu, "Kwanini baba?" Hilo nalo sijalijibu.

Siombi mnitetee. Nimeandika kwa sababu najua wapo wenzangu wanaoficha kitu leo hii na kujiambia wanamwonea mtu huruma. Jiulize vizuri unamwonea huruma nani. Ukipewa msiba wa mtu umfikishie, mfikishie, hata kama umevaa sare na watu wanakungoja na kipaza sauti. Na wewe unayesoma haya, kama ngazi yako bado haijavutwa, nakusihi, shuka!